Madam na Taa za Misigiri

Ukimwamkia shikamoo alikuitikia marahaba, halafu kabla hujavuta pumzi anakuuliza swali la fizikia. Hakuchagua mahali. Sokoni, msibani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, yeye alijiona yuko darasani tu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mkondo wa umeme unapimwa kwa kizio gani?"

Na mimi mama mzima, nina saluni yangu hapa Utemini, nina watoto wanaonyoa ndevu, nasimama na mfuko wangu wa nyanya najibu, "Ampia, Madam." Akiridhika anaendelea na safari yake. Ukikosa, hakukaripii. Anakutazama kwa huruma, na ile huruma yake ilikuwa inauma kuliko kiboko.

Tulimwita Madam, basi. Alitufundisha sekondari, sisi na wadogo zetu na baadhi ya watoto wetu, na alipostaafu akahamia nyumba inayopakana na yangu. Jamani! Mtu niliyekuwa nikizunguka nyuma ya madarasa ili nisikutane naye, leo kuku wangu wanakwenda kutaga uani kwake. Mimi fizikia ilinishinda kabisa, naye hakuona sababu ya kunificha. Nina kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, anaingia na kusema, "Mnajua huyu aliandika kwamba sumaku ni aina ya mdudu?" Sikuandika hivyo. Niliacha wazi. Lakini nani angeniamini mimi mbele ya Madam? Wateja walicheka, na yeye akavuta kiti akakaa kusubiri zamu yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya sufu hata jua likiwaka, kwa sababu ya huu upepo wetu wa Singida ambao alisema unamwingia masikioni na kumharibia hesabu. Msuko wake ulikuwa mmoja tu, twende kilioni, ule wa haraka wa mtu aliyepata habari ya msiba. Nilimbembeleza miaka na miaka anipe nafasi nimpendezeshe. "Unataka kunipeleka wapi?" aliniuliza. Halafu katikati ya mistari yangu niliyoichana kwa makini anachomeka bisibisi, maana mikono yake haikuwahi kuwa mitupu.

Nasema alikuwa, lakini hajafa, msije mkanielewa vibaya. Ni kwamba Utemini hayupo tena. Nitafika huko.

Watu wakistaafu hapa kwetu hununua mashine ya kukamua alizeti, au hufuga, au huoa tena wakajiletea shida. Madam aliagiza vibao. Vilikuja na basi kutoka Dar kwenye boksi dogo, vibao vya kielektroniki kila kimoja ukubwa wa biskuti, na ndani yake mna Wi-Fi. Mwenyewe alikuwa akiviita ubongo. Unakiunganisha na kompyuta, unakiandikia maagizo: mtu akipita gizani, washa taa, akishapita, zima, halafu mwambie mwenye nyumba kwenye simu yake. Unakifungia sensa inayohisi mwendo wa mtu, vitaa vyeupe vidogo vya LED, na betri. Umeme wa nguzo hakuutaka kwenye kazi yake. "Ule ni mgeni," alisema, "anaondoka bila kuaga. Betri ni mtu wa nyumbani." Betri zenyewe alizitoa kwenye laptop mbovu. Alizipasua kwa subira, akazipima moja moja kwa mita yake, nzima akaziweka upande huu, zilizokufa upande ule, kama mtu anayechambua mchele.

Sebuleni kwake hapakuwa na pa kukaa. Akikukaribisha kiti, kwanza anakiondolea nyaya, halafu mkasi, halafu sahani ya jana. Harufu ya risasi ya kulehemu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Na ukishakaa, utafundishwa, upende usipende.

Somo lake kubwa lilikuwa usingizi. Alisema mtu asiyejua hutengeneza taa inayokesha, kibao kiko macho usiku kucha kinatafuta mtandao, na kabla ya jogoo betri imekwisha. Ufundi wote ni kukifundisha kibao kulala. Kilale usingizi mzito kabisa, sensa peke yake ndiyo ibaki imefumbua jicho moja. Mtu akipita, kizinduke, kiwashe taa, kiseme neno moja kwenye Wi-Fi, kirudi kulala. "Kinachomaliza betri si mwanga," aliniambia huku akininyooshea bisibisi. "Ni maneno." Mteja wangu mmoja mwenye mdomo, ambaye sitamtaja maana bado anakuja, alidhani anasemwa yeye, akanuna mpaka nikamaliza kumsuka.

Taa ya kwanza aliijaribia kwenye banda langu la kuku. Hakuniomba ruhusa, aliniarifu. Alisema mwizi akiingia, taa itawaka na simu yangu italia. Kweli ililia. Kuku akigeuka, taa. Akijikuna, taa. Jogoo akaona mwanga akajua kumekucha, akawika, majogoo ya mtaa mzima yakamwitikia, na mume wangu akaamka akatia udhu akijua alfajiri imefika kumbe bado kabisa. Asubuhi betri ilikuwa imekufa na mitetea yangu imesinzia mchana kutwa wala haikutaga. Nilimwendea Madam nimevimba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Kuku wako hawana nidhamu."

Lakini aliitengeneza upya. Akaishusha sensa karibu na kizingiti cha mlango, pale anapokanyaga mtu na si anapolala kuku. Banda langu mpaka leo lina taa hiyo, na hakuna aliyenigusia yai.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, na ndiyo yaliyonifanya nimpende. Huyu mtu alipima umeme mdogo ambao hata mbu asingeusikia, lakini ugali alisonga kwa kubahatisha, leo uji, kesho tofali. Maharage yaliungua akisoma mita. Alipiga marufuku simu shuleni, akazikusanya kwenye ndoo, na uzeeni akawa analala na simu chini ya mto. Kanisani alikaa mstari wa mbele, na Idi ikifika alikuwa wa kwanza kubisha hodi kwangu kuulizia pilau. Na aliwasha mtaa mzima: banda langu, korido ya mama mjane wa mbele yetu, choo cha nje cha wapangaji, ngazi za kanisa. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa giza totoro. Alitembea anapapasa, akajigonga muundi kwenye kigoda, nikamsikia kupitia ukuta, "Loo!" Nikamwambia, Madam, mganga hajigangi? Akasema yeye nyumba yake anaijua. Mguu ulikuwa na alama kila mwezi.

Mwezi mmoja mama yake alianguka.

Huyo mama alikuwa Misigiri, kule Iramba, peke yake kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Jirani alimpikia mchana na kufua, jioni akarudi kwake. Usiku mama aliamka kwenda choo cha nje, akapapasa ukuta, akakosa kizingiti. Alivunjika mkono, na alilala pale chini mpaka jirani alipofika asubuhi. Madam aliponieleza hayo alikuwa amesimama mlangoni pa saluni yangu na kofia mkononi. Sikuwahi kumwona bila kofia nje. Aliniambia tena na tena, "Mpaka asubuhi. Pale chini, mpaka asubuhi."

Kaka yake mkubwa, aliyekuwa Dodoma, alisema basi, mama anahama. Ana nyumba kubwa, ana choo cha ndani, ana mke mwema. Yote kweli, na hakuwa mtu mbaya. Lakini mama alipoambiwa alijibu kwamba kutoka ndani ya nyumba ile atatoka amebebwa, na atakayembeba aje na jembe la kumzikia. Kwa Kinyiramba ilikuwa kali zaidi, Madam alinieleza, Kiswahili hakiifikii.

Basi Madam akasimama katikati. Akamwomba kaka yake ampe mpaka alizeti ivunwe. Ataweka taa zinazowaka zenyewe kutoka kitandani mpaka chooni, na simu itawaambia mama ameamka saa ngapi na kama amerudi kitandani. Kaka akakubali kwa sharti: akianguka tena, au wakikosa kujua hali yake ya usiku, anakuja na gari na hataki kusikia fizikia.

Mimi mdomo wangu haujui kulala, nikamwambia, "Madam, kwa nini usiende tu ukakae naye? Umestaafu, huna mume, huna mtoto wa kumpeleka shule."

Weee! Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. "Wewe mtoto," alisema, "nimelea watoto wa watu maisha yangu yote. Nimeamka kwa kengele ya shule mpaka masikio yamechoka. Sasa nina kiti changu, meza yangu na mlango wangu. Ni dhambi?" Nikasema si dhambi. Wiki ile hakuja saluni, nikajisikia vibaya sana, nikampelekea chapati, akazipokea dirishani.

Taa za Misigiri zilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Alizifungia kwenye vikasha vya plastiki, akavitia rangi ya ukuta wa kule ili visimsumbue mama machoni. Moja chini ya kitanda, moja koridoni, moja juu ya mlango wa nyuma, moja chooni. Simu ya zamani ikawekwa dirishani ikichajiwa na kisola cha juu ya bati, kazi yake kugawa intaneti. Bando likiisha, ujumbe hautafika lakini taa zitawaka vilevile. Hilo alilisisitiza mpaka nikachoka. Taa ya mama isitegemee bando. Siku ya kuzifunga alipita korido ile akikanyaga polepole kama mama anavyokanyaga, taa zikawaka mbele yake na kuzimika nyuma yake, akapiga kofi moja peke yake.

Asubuhi yake mama alikuwa na hasira.

"Nani aliyeingia chumbani kwangu na taa?" aliuliza. "Hakupiga hodi. Hakuniamkia. Nimeshusha mguu tu, huyo, amenimulika!"

Kumbe mama alikaa kitandani kumsubiri mwenye taa ajitambulishe. Mtu haingii kwa mzee na mwanga bila neno, hata awe mwanao. Mwenye taa akanyamaza, taa ikazimika, mama akasema moyoni ameona aibu ameondoka. Akashusha mguu tena, akamulikwa tena. Akarudisha miguu kitandani, akajibana mpaka kulipopambazuka, maana hangekwenda chooni na mtu asiye na adabu anamchungulia koridoni. Mahesabu yote ya Madam yalikuwa sawa. Hakuna kitabu cha fizikia kilichomwambia kwamba mwanga nao hupiga hodi.

Aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alifungua kompyuta yake palepale Misigiri, juu ya kinu kilichopinduliwa, akaandika upya. Mama akishusha mguu, ile ya chumbani isiwake. Ianze ya koridoni, hafifu sana, ikue kidogo kidogo na kuingilia chini ya mlango, kama mtu anayekuja kutoka mbali na koroboi. Ndipo ya chumbani ifuate, nayo polepole. Usiku uliofuata mama alikwenda na kurudi. Asubuhi akasema, "Sasa hivyo. Sasa inakuja kwa adabu." Madam alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja saluni, pamoja na ambao hawakuuliza.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Simu ya Madam ilikuwa inatoa mlio mfupi, na ujumbe: Mama ameamka. Baadaye kidogo: Mama amerudi kitandani. Asubuhi anakuja kunipa taarifa kama mtangazaji. Kwa kujivuna akamuunganisha kaka yake pia, naye awe anapata ujumbe kule Dodoma, aone mwenyewe.

Hapo ndipo alipojiponza. Maana ujumbe ulianza kuongezeka. Mama ameamka. Mama ameamka. Mama ameamka. Mwanzo wa usiku, kabla ya jogoo, hata kabla ya giza kukolea. Na betri, ambazo kwa hesabu yake zingekaa mpaka mavuno na zaidi, zilianza kufa upesi, ile ya koridoni kuliko zote. Jirani wa kule akawa anapiga simu, taa imezima, na Madam anapanda basi kupeleka nyingine.

Alitafuta kosa kila mahali. Alisema ni mijusi. Akasema ni paka wa jirani. Akasema ni upepo unaopeperusha pazia, akalitoa pazia. Akasema betri za siku hizi feki, na zile zilikuwa za zamani. Alikonda. Niliposema labda mama anaumwa, pengine sukari, wenye sukari huamka sana, alinikatiza. "Ni sensa," alisema. "Nimekosea mahali." Nikaona kwamba anaomba iwe amekosea. Sikuwahi kumwona mwalimu anayeomba awe amekosea.

Kaka alipiga simu. "Dada, mama anaamka usiku kucha. Huo ni ugonjwa, na wewe ndiye uliyenionyesha. Jumapili nakuja kumchukua."

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Nilijisingizia kwamba nakwenda kumsuka bibi, lakini ukweli niliogopa kumwacha Madam asafiri peke yake na uso ule. Basi lilisimama Iguguno, watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, yeye hakugeuza hata shingo. Alikuwa ameshika mita yake mapajani.

Bibi nilimkuta mzima. Mdogo, mkavu, macho yanacheka, mkono umeshaunga. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, mbona umenenepa hivi?" Mimi ni Mnyaturu, Kinyiramba chake kilinipita pembeni mara nyingi, lakini hilo nililisikia vizuri. Nilimsuka pale uani mchana wote huku Madam akipima kila sensa, kila waya. Alitoka na kikasha cha koridoni mikononi. "Ni kizima," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Akakirudisha mahali pake.

Jua lilipokuwa linazama tulikaa kwenye mkeka nje, mimi na yeye, bibi ameingia ndani kutafuta khanga nzito. Simu ya Madam ikalia. Mama ameamka. Tukatazamana, maana mama hakuwa amelala. Ikatulia. Ikalia tena. Madam akanyanyuka, mimi nyuma yake, tukachungulia kwa mlango wa nyuma.

Bibi alikuwa amesimama koridoni gizani, mbele ya kile kikasha. Aliinua mkono, akaupunga taratibu. Taa ikaja kwa adabu yake, ikamwangaza uso. Akasema kitu kwa Kinyiramba. Taa ilipozimika akapunga tena.

Nilifikiri akili imemtoka, nikamhurumia Madam.

"Mama," Madam alisema, "unafanya nini?"

"Namjulia hali mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Wewe."

"Mimi si niko hapa nje?"

Bibi akacheka, akajifunika mdomo kwa khanga. "Ah! Leo nimesahau. Mkono umezoea."

Madam akauliza tangu lini. Bibi akamshangaa. "Si ulisema mwenyewe? Ulisema, mama, ukipita hapa, mimi kule nitajua ni wewe. Basi nikikukumbuka, napita."

"Kwa nini usipige simu?"

"Simu ina maswali. Umekula? Umekunywa dawa? Unaumwa wapi? Mimi siumwi. Nakukumbuka tu."

Madam alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kizingiti, kizingiti kilekile alichokikosa mama yake usiku ule. Alilia. Nami nililia, sina sababu ya kujikaza mbele yenu. Bibi ndiye aliyekuwa mkavu wa macho, akatuuliza kwani kuna msiba wa nani, na kama tumekuja kulia tu tungekaa Utemini.

Jumapili kaka alifika na gari, ametandika godoro nyuma. Madam alimpokea akamkaribisha maji, akamwacha anywe mpaka amalize. Kisha akamwambia, "Kaka, sensa nzima. Betri nzima. Na mama mzima."

"Sasa anayeamka usiku kucha ni nani?"

"Ni mama. Anatukumbuka." Akamweleza yote. Yule mtu mzima mwenye kitambi akaenda kulikunja lile godoro nyuma ya gari. Madam akasema, "Mama hahami. Ninahama mimi. Gari lako litanifaa, lipitie Utemini ukabebe meza yangu."

Nilimsaidia kufunga mizigo. Alikuwa mkali siku nzima, kila nilichoshika nimeshika vibaya. Kiti chake alichokuwa akikitetea aliniachia saluni, nikamwuliza kama ana uhakika, akasema nisimfanye aanze kufikiri. Wateja sasa hukikalia wakisubiri zamu, na hawajui.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa baada ya alizeti kuvunwa. Nilikuwa nimekwenda Iguguno kwenye harusi ya binti wa shangazi yangu, nikasema siwezi kurudi Singida bila kufika Misigiri. Nilimkuta uani anapepeta mtama, miguu ina vumbi mpaka magotini, khanga imefungwa kifuani. Tulikumbatiana akanichoma na bisibisi.

Nilitegemea kumkuta amefifia, nikisema ukweli. Hakuwa amefifia. Alilalamika kuhusu kila kitu: maji, majirani, mama yake asiyetaka dawa wala kofia. Alisema usiku anaamshwa kuulizwa kama amefunga kuku. Alisema chumvi ikizidi anasemwa, ikipungua anasemwa, mwanamke wa umri wake. Nikamwuliza kama anajuta. Alipepeta kwanza, akapuliza makapi. "Siku nyingine najuta," alisema. "Mchana. Jioni huwa sijuti."

Nilimwuliza betri zinaendeleaje. Uso ukachangamka. Zinakaa, alisema, zile zile, hajabadilisha hata moja. Ameacha taa ziwake kwa adabu vilevile, lakini Wi-Fi ameizima kabisa, na ile simu ya dirishani amempa jirani. Ujumbe angetumiwa nani?

"Na bibi akiamka usiku, unajuaje?"

Akaacha kupepeta. "Ananiita."

Kama aliyesikia anatajwa, bibi akaita kutoka ndani. Aliita jina, jina la nyumbani, la utotoni, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwa miaka yote niliyomjua. Sitaliandika hapa, si langu. Nami nikamwona Madam, aliyetetemesha shule nzima, anaudondosha ungo, anakusanya khanga, anakimbia kwa zile hatua fupi fupi za mtoto anayeogopa kuitwa mara ya pili.

"Abee, mama!"